Picha ya Kwanza Iliyokuwa ya Mwisho: Kwa Nini Watu wa Karne ya 19 Waliwapiga Picha Wafu Wao

Mwaka 1846, studio ya Albert Southworth na Josiah Hawes ya mjini Boston, Marekani, ilitangaza huduma zake. Ilipiga picha za watoto na za watu wazima, na ilipiga pia picha za marehemu, iwe studioni au nyumbani kwa wafiwa. Wenyewe walieleza kwamba hujitahidi sana ili picha za marehemu ziwaridhishe wenye msiba, na kwamba mara nyingi hutoka vizuri kiasi cha kuwafanya hata wachoraji wadhani wanamtazama mtu aliyezama usingizini. Hawa hawakuwa wapiga picha wa vichochoroni. Ndio waliompiga picha Daniel Webster, seneta na msemaji maarufu wa zama zake, na kazi zao hadi leo huhesabiwa miongoni mwa picha bora za wakati ule. Kwao, kuitwa kwenye nyumba yenye msiba ilikuwa sehemu ya kazi kama kupokea maharusi.

Leo picha za namna hiyo zinazunguka mitandaoni zikiwa na maelezo ya kutisha, na wengi huzitazama kama ushahidi kwamba Wazungu wa zamani walikuwa na uchu wa mauti. Sikubaliani kabisa. Ukiyajua mazingira yaliyozizaa, utaona kwamba nyingi kati yake zilipigwa kwa mapenzi na uchungu, na zile zinazostahili kutuudhi ni nyingine kabisa. Kinachozitenga ni aliyeomba picha ipigwe na aliyekusudiwa kuitazama.

Mzazi asiye na picha

Wengi wetu tuna simu zilizojaa picha za watoto wetu. Tuziondoe zote kichwani kwanza, vinginevyo hatutaelewa lolote.

Januari 7, 1839, mwanasayansi François Arago alisimama mbele ya Akademia ya Sayansi mjini Paris akatangaza uvumbuzi wa Louis Daguerre. Ilipofika Agosti 19 mwaka huohuo, namna ya kutengeneza picha hizo ikawekwa hadharani. Bamba la shaba lililopakwa fedha lilisuguliwa mpaka mtu akaweza kujiona usoni, likafukizwa kwa iodini ili lipate kuhisi mwanga, likaingizwa ndani ya kamera, kisha taswira ikaibuliwa kwa mvuke wa zebaki iliyopashwa moto. Picha iliyotoka, iliyoitwa dagerotipu kwa jina la mvumbuzi wake, ilikuwa moja tu. Hapakuwa na negativu, yaani taswira ya kutolea nakala, kwa hiyo hapakuwa na nakala. Bamba lilifunikwa kwa kioo, likawekwa ndani ya kikasha kidogo chenye kifuniko, na likipotea ndiyo basi tena.

Kabla ya hapo, kubaki na sura ya mtu wako lilikuwa jambo la wenye fedha, waliomwita mchoraji au fundi wa kuchukua umbo la uso wa maiti kwa plasta. Hamu yenyewe, basi, ni ya kale kuliko kamera. Mchoraji Charles Willson Peale wa Philadelphia alimchora binti yake Margaret, aliyefariki kwa ndui mwaka 1772, akiwa amelazwa na mikono imefungwa kwa utepe. Miaka michache baadaye akaupanua mchoro huo na kumwongeza mkewe akimlilia mtoto. Peale aliweza kwa sababu brashi ilikuwa mkononi mwake. Fundi viatu wa mtaa wa pili hakuwa na njia hiyo. Dagerotipu ndiyo iliyompa, kwa sababu miaka ya 1850 studio za bei nafuu kabisa mjini New York zilikuwa zikipiga picha kwa senti 25.

Halafu vilikuwapo vifo vyenyewe. Nchini Uingereza na Wales, kwa sehemu kubwa ya nusu ya pili ya karne ya 19, takriban watoto 150 kati ya kila 1,000 waliozaliwa walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Waliosalia walisubiriwa na surua, kifaduro, dondakoo na homa nyekundu, na ugonjwa mmoja uliweza kuzoa watoto watatu wa nyumba moja ndani ya wiki chache. Familia nyingi hazikuwa zimepata sababu wala nafasi ya kumpeleka mtoto wa miezi minane studioni. Mtoto huyo akifariki, mzazi alikuwa na saa chache za kuamua: ama aitwe mpiga picha leo, ama sura ile isionekane tena milele na wadogo zake wasiijue. Wafanyabiashara waliielewa hofu hiyo vizuri. Wito wao uliorudiwa kwenye matangazo mengi ulihimiza watu wahifadhi kivuli kabla mwenye kivuli hajatoweka.

Ndiyo maana naona ni makosa kuziita picha hizi picha za kifo. Mama aliyezihifadhi kwenye mtoto wa meza alikuwa anamtazama mwanawe, kwa sababu hakuwa na picha yake nyingine.

Kazi ndani ya chumba cha msiba

Southworth mwenyewe, mwaka 1873, aliwaeleza wapiga picha wenzake namna alivyokuwa akifanya. Marehemu alivishwa nguo zake na kulazwa kwenye kochi kana kwamba amepumzika. Viungo vilivyokakamaa vilikunjwa taratibu mpaka vikalegea, ndipo mwili ukawekwa katika mkao usioumiza macho ya wafiwa. Kukakamaa huko huanza saa chache baada ya kufa na huachia wenyewe baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo aliyeitwa mapema alikuwa na kazi tofauti na aliyeitwa kesho yake.

Mpiga picha mwingine wa Marekani aliandika mwaka 1877 maelekezo marefu zaidi, na nayasoma kwa mshangao uliochanganyika na heshima. Aliwaomba jamaa wamvishe marehemu na kumtengeneza kichwa na mabega kama alivyokuwa akiishi, kisha akawaomba kwa adabu watoke chumbani, wabaki yeye na wasaidizi wake. Kochi lilisogezwa pembeni karibu na dirisha, mwili ukainuliwa ukae na kuegemezwa kwa mito, shuka likatundikwa nyuma. Kope zilifunguliwa kwa mpini wa kijiko cha chai, mboni ikarudishwa mahali pake, na ukali wa yale macho makavu ukaja kupunguzwa kwa kurekebisha picha baadaye. Waliofungua macho walikuwa wachache, hata hivyo. Mkao uliopendwa zaidi ulikuwa wa usingizi: mtoto kitandani mwake na mdoli pembeni, au mapajani mwa mama anayemtazama. Mara nyingi mashavu yalitiwa rangi ya waridi kwa brashi juu ya bamba lenyewe.

Mambo yalipanuka Frederick Scott Archer alipotoa njia yake ya bamba la kioo mwaka 1851, na mpiga picha Disdéri wa Paris alipopewa hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1854 ya vipicha vidogo vya kubandika kwenye kadi. Sasa ilipatikana negativu, na nakala ziliweza kutolewa nyingi. Picha ya marehemu ikaanza kusafiri kwa posta hadi kwa kaka aliyehamia ng'ambo, ambaye asingewahi mazishi kwa namna yoyote. Kuelekea mwisho wa karne, usingizi ulipungua, jeneza na mashada ya maua yakachukua nafasi.

Chuma cha nyuma, macho meupe na mama aliyefunikwa

Hapa ndipo upotoshaji mkubwa ulipo. Simulizi inayorudiwa kila siku inadai kwamba maiti walisimamishwa wima kwa kifaa cha chuma, na kwamba ukiona miguu ya chuma ikichungulia nyuma ya viatu vya mtu katika picha ya zamani, basi huyo ni maiti. Ukweli ni kinyume chake.

Kifaa hicho kilikuwapo: kitako kizito cha chuma, mlingoti mwembamba, na juu yake vidole viwili vya kushika kisogo. Kilitengenezwa kwa ajili ya walio hai. Mwaka 1839 picha ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, wakati mwingine robo saa, na hakuna binadamu awezaye kuweka kichwa bila kuyumba muda wote huo. Lenzi ya Josef Petzval ya mwaka 1840, pamoja na kemikali mpya zilizoongezwa kwenye bamba, zilishusha muda huo hadi chini ya dakika moja. Hata sekunde ishirini, hata hivyo, zinatosha kumfanya mtu apumue, ajikune na aharibu picha. Kile chuma kilikuwa cha kumkumbusha kichwa chake kitulie. Uzito wa mwili mzima uliolegea kisingeubeba hata kidogo, kingeanguka nao. Basi ukiona miguu ya chuma nyuma ya viatu, una sababu nzuri ya kuamini kwamba aliyesimama alikuwa anapumua.

Macho nayo yamewadanganya wengi. Kemikali za miaka ile zilihisi zaidi rangi ya buluu, hivyo macho ya buluu yalitoka meupe kabisa, karibu bila mboni. Tatizo hilo lilianza kupata dawa baada ya mwaka 1873, pale Hermann Vogel wa Ujerumani alipogundua kwamba kuongeza rangi fulani kwenye kemikali kunalifanya bamba lihisi rangi nyingine pia. Kabla ya hapo, wapiga picha wengi walichora mboni kwa mkono juu ya picha ya mtu mzima wa afya. Leo mboni hizo zilizochorwa huitwa dalili ya kifo.

Kundi la tatu ni watoto waliopakatwa na kitu kilichofunikwa gubigubi kwa shuka au pazia. Aliyefunikwa ni mama au yaya, anamshika mtoto asijitikise, kwa kuwa familia ilitaka picha ya mtoto peke yake. Kama mtoto angekuwa amefariki, nani angehitaji kumshika kwa nguvu?

Makosa haya yana mnunuzi. Picha inayouzwa kwa jina la maiti hupata bei nzuri kwa wakusanyaji kuliko picha ya mtu wa kawaida asiyejulikana, na muuzaji anaweza kumuua mtu kwa sentensi moja ya tangazo. Anayetaka kujua aanze na vilivyomo ndani ya picha: maua mikononi, sanda au gauni la mazishi, mwili uliolazwa, mikono iliyovimba au kubadilika rangi, maandishi nyuma ya kadi. Mtu aliyesimama kwa miguu yake mwenyewe mhesabu kuwa hai.

Na hadaa hii ina mzee wake. Oktoba 1840, Mfaransa Hippolyte Bayard, aliyekuwa amebuni njia yake mwenyewe ya kupata picha juu ya karatasi, alijipiga akiwa ameketi kifua wazi, amefumba macho kama mtu aliyezama majini. Nyuma ya picha aliandika kwamba serikali ilimpa Daguerre vingi na yeye ikamnyima, naye kwa kukata tamaa akajitosa. Aliishi hadi mwaka 1887. Kamera ilikuwa na mwaka mmoja tu hadharani na tayari ilikuwa imedanganya kuhusu maiti.

Nani aliomba?

Septemba 17, 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majeshi ya Kaskazini na Kusini yalipigana Antietam, siku ambayo takriban watu 23,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Mpiga picha Alexander Gardner alifika kabla wafu wote hawajazikwa. Oktoba picha zake zilionyeshwa New York katika ukumbi wa mpiga picha Mathew Brady, na wakazi wa jiji wakaona kwa mara ya kwanza miili ya askari waliouawa vitani ikiwa imevimba kando ya uzio. Naamini picha hizo zilikuwa na haki ya kuonekana. Zilivunja uongo wa magazeti kuhusu vita vya fahari. Lakini mwaka uliofuata, Gettysburg, Gardner na wenzake waliubeba mwili wa askari kijana wa Kusini kiasi cha mita 36 hadi kwenye maficho ya mawe, wakaegemeza bunduki hapo, wakampiga picha kama mlenga shabaha aliyefia mahali pake. Mwili huohuo unaonekana katika picha nyingine ukiwa pale ulipoangukia. Kijana huyo alikuwa na mama mahali fulani.

Mpiga picha Felice Beato alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1858, Lucknow, India, alipiga picha ya uwanja wa Sikandar Bagh ukiwa umetapakaa mafupa ya wapiganaji wa Kihindi waliouawa na jeshi la Uingereza mwezi Novemba uliotangulia. Mwingereza aliyekuwa huko aliandika kwamba mafupa yalifunuliwa ili yapigwe picha. Afrika Mashariki ya Wajerumani nayo imebaki na picha za watu walionyongwa, wakiwa bado wananing'inia. Hizo hazikuombwa na ndugu yeyote wa marehemu. Zilikusudiwa macho ya washindi.

Watu wakubwa nao hawakusalimika. Aprili 24, 1865, jeneza la Abraham Lincoln likiwa wazi katika ukumbi wa jiji la New York, mpiga picha Jeremiah Gurney alipata kibali. Kibali hicho alikitoa jenerali aliyesindikiza jeneza, mjane akiwa mbali. Waziri wa Vita, Edwin Stanton, alighadhibika na kuamuru mabamba yaharibiwe. Nakala moja ilinusurika ndani ya makaratasi, ikaja kuonekana Illinois mwaka 1952.

Kesi inayonifundisha zaidi ni ya Bismarck. Chansela huyo wa zamani wa Ujerumani alifariki Julai 30, 1898, nyumbani kwake Friedrichsruh. Usiku huohuo wapiga picha wawili, Willy Wilcke na Max Priester, walipenyezewa habari kwa hongo, wakajiingiza chumbani, wakawasha baruti ya magnesi na kumpiga picha kitandani. Walitaka kuiuza kwa fedha nyingi. Watoto wa Bismarck walikwenda mahakamani, na mwishoni mwa mwaka 1899 mahakama ya juu kabisa ya Ujerumani ikawapa haki. Ila majaji walikwama: sheria ya kumlinda mtu na kamera haikuwapo, ikabidi waegemee kosa la kuingia nyumba ya mtu bila ruhusa. Pengo hilo lilizibwa na sheria ya mwaka 1907, ambayo bado inatumika Ujerumani. Sura ya mtu haisambazwi bila ridhaa yake, na akishafariki, kwa miaka 10 ridhaa hiyo iko mikononi mwa jamaa zake.

Huku kwetu kamera ilishukia bandarini. Mwishoni mwa karne ya 19 Zanzibar ilikuwa na studio za Wagoa, kama ya A. C. Gomes na ya ndugu Coutinho. Picha ya maiti haikuota mizizi Uswahilini, na aliyewahi kushiriki maziko ya Kiislamu hahitaji kuelezwa sababu: maiti huoshwa, huvishwa sanda na kuzikwa haraka, aghalabu siku hiyohiyo, na mwili wake husitiriwa. Bara, katika familia nyingi za Kikristo, mpiga picha huitwa msibani. Watoto wa marehemu husimama kuzunguka jeneza, wakifuatiwa na wajukuu, wakwe na wanachama wa kikundi chake cha kanisa. Sioni ubaya wowote hapo. Ni familia inayojiwekea kumbukumbu. Ninachokiona kibaya ni ajali ya basi ambayo picha za maiti wake zimeshafika kwenye makundi ya WhatsApp kabla habari haijafika nyumbani. Aliyenyoosha simu pale barabarani hakutumwa na mtu wa marehemu, na mke anayemtambua mumewe kwenye picha kama hiyo anafanyiwa ukatili ambao hata Wilcke na Priester hawakuufikia.

Desturi iliyohama

Mwaka 1888 George Eastman alileta kamera ya Kodak, na mwaka 1900 ikaja Brownie ya dola moja. Familia zikaanza kujipigia picha zenyewe: mtoto akioga, mtoto akitambaa, mtoto akilia. Akifariki, picha zake zilikuwapo tayari. Wakati huohuo mwili wenyewe uliondoka sebuleni. Watu walianza kufia hospitalini, na kampuni za mazishi zikachukua kazi ya kuosha na kuvisha iliyokuwa ya mama na majirani. Picha ya maiti ikaonekana jambo la ajabu ndani ya kizazi kimoja au viwili.

Haikutoweka, lakini. Mtaani Harlem, New York, James Van Der Zee aliendelea kuipiga miongo kadhaa ya karne ya 20 kwa ajili ya familia za Wamarekani Weusi, akiunganisha juu ya jeneza malaika na hata picha ya marehemu akiwa hai. Na ipo sehemu moja ambapo hali ya mwaka 1846 haijabadilika hata chembe: mtoto anayezaliwa amefariki, au anayeishi saa chache tu. Huyo hana picha nyingine, na simu zote za ukoo hazimsaidii. Mwaka 2005, huko Colorado, Marekani, lilianzishwa shirika la Now I Lay Me Down to Sleep, linalowaunganisha wazazi wa namna hiyo na wapiga picha wa kujitolea. Wazazi wakikubali, mpiga picha huenda hospitalini, humpiga picha mtoto akiwa mikononi mwao, na familia hukabidhiwa picha hizo bila malipo.